Waacheni Waimbe: Ushauri kwa Waongoza Nyimbo wa Daudi

Hapa Daudi, wilayani Mbulu, na hata ukishuka mjini au ukivuka kwenda Hanang, kwaya si haba. Usharika mmoja wa KKKT unaweza kuwa na kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya uinjilisti na kwaya ya akina mama, kila moja na sare yake na zamu yake ya kusimama mbele. Kwa Wakatoliki, kigango kidogo kabisa nacho kina kwaya yake. Tulichopungukiwa ni uimbaji wa watu waliokaa kwenye mabenchi. Ibada inaanza asubuhi, inamalizika jua likiwa kali, kwaya zote zimepita, na mama aliyekaa karibu na mlango hajafungua kinywa ila wakati wa Sala ya Bwana. Amekuja kanisani kusikiliza wenzake wakimwimbia Mungu.

Nawaandikia ninyi mnaosimama mbele: walimu wa kwaya, wainjilisti na makatekista mnaoanzisha nyimbo pale ambapo hakuna kwaya, na vijana wa timu za kusifu na kuabudu. Kazi yenu ya kwanza ni kuhakikisha mama yule anaimba. Kwaya kuimba vizuri ni jambo jema na ninalipenda, lakini linakuja baada ya hilo. Karibu yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye wazo hilo moja.

Wako wanaosema kwamba kwenye mambo ya Mungu moyo unatosha. Moyo ni lazima, lakini Biblia haisemi kwamba unatosha. Sanduku la agano lilipokuwa likipelekwa Yerusalemu, usimamizi wa uimbaji alipewa Kenania, na sababu inayotajwa katika 1 Mambo ya Nyakati 15:22 ni kwamba alikuwa stadi. Ukisoma sura ya 25 ya kitabu hicho utakuta waimbaji 288 waliofundishwa, waliopangiwa zamu kwa kura, mwalimu na mwanafunzi bila upendeleo. Mfalme Daudi alikuwa na bidii ya moyo kuliko wengi wetu, na bado alitaka watu waliojifunza. Kwa hiyo tusione haya kuzungumzia ufundi.

Nianze na sauti ya kuanzishia, maana hapo ndipo uimbaji wa watu unapouawa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Mwongoza nyimbo kwa kawaida ni mtu mwenye sauti nyepesi, na koo lake limeshachemka kwa mazoezi ya Jumamosi na ya alfajiri. Anaanzisha wimbo pale panapomfurahisha yeye. Upande wa pili kuna mzee aliyetembea saa nzima kwenye baridi ya Juni ya uwanda huu wa juu, hajasema maneno mengi tangu aamke, na kifua chake kinakwaruza. Wimbo unapofika kwenye kiitikio, pale panapopanda, mzee anajaribu mara moja, sauti inakatika, ananyamaza. Jumapili ijayo hatajaribu tena. Na wanaume wengi watafanya kama yeye, kwa sababu mwanamume akivunjikiwa sauti mbele za watu huona aibu.

Dawa yake ni rahisi. Usitafute sauti kwa kuanzia mwanzo wa wimbo. Tafuta kwanza sehemu yake ya juu kabisa, uimbe polepole peke yako mahali ambapo mtu wa kawaida anaifikia bila kukaza shingo, kisha teremka hadi nota ya kwanza. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama una kinanda, mpaka wa kuaminika ni D ya juu. Wimbo wa watu wote usivuke hapo, na ibada ya asubuhi na mapema iwe chini yake kidogo. Chukua mfano wa wimbo ulioandikwa kwa ufunguo wa G na unaopanda hadi la ya juu. La hiyo ni E, na E inawashinda wengi. Ushushe hadi F, la inakuwa D, na kanisa zima linafika. Mpiga kinanda atalalamika kwamba amezoea G. Mwambie afanye mazoezi ya F.

Ukishapata nota ya kuanzia, itoe kwa uwazi. Imba mstari wa kwanza peke yako au piga mstari wa mwisho kwenye kinanda, kisha vuta pumzi watu waione. Nasisitiza pumzi hiyo. Kiongozi anayeinua kichwa na kuvuta pumzi huku mkono ukipanda hana haja ya kuhesabu "moja, mbili, tatu," maana kusanyiko linavuta pumzi pamoja naye na kuingia pamoja naye. Asiyefanya hivyo huimba maneno mawili peke yake kila ubeti, na watu humfuata kwa nyuma, wimbo ukizidi kuwa mzito.

Mwendo nao una hila yake. Vinanda vya siku hizi vina midundo ya kutegesha, na ukishabonyeza kitufe kinanda hakimsubiri mtu. Vijana wanapenda mwendo wa kasi, nami siwalaumu, lakini pimeni hivi: mtu wa miaka sabini aweze kumaliza mstari kwa pumzi moja na kupata nafasi ya kuvuta nyingine kabla ya mstari unaofuata. Akikosa nafasi hiyo, atashika neno la mwanzo na la mwisho, ya katikati ataachia. Kosa la upande wa pili ni kuburuta. Tenzi nyingi za zamani zimegeuka kuwa nzito kwa sababu hakuna anayelinda mapigo, na kila mstari unaishia kwenye nota inayovutwa hadi watu wachoke. Mpiga ngoma mmoja mtulivu, anayepiga pigo la kwanza tu na kuliheshimu, anatosha kuokoa wimbo wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi watu wa huku tumepewa bure na hatulitumii. Wairaqw wana slufay, maombi na baraka anazozitamka mzee mbele ya watu kwa maneno ya kishairi, mstari kwa mstari, na waliokusanyika wakimjibu. Yeyote aliyekulia kwenye mikutano na sherehe za wazee anaijua namna hiyo ya kusali: mmoja anasema, wote wanaitikia, na bila maitikio maombi hayajakamilika. Biblia nayo inaijua. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari una jibu lile lile la watu. Hakuna aliyehitaji kitabu mkononi ili aitikie zaburi hiyo hekaluni.

Kwa nini basi tunang'ang'ania nyimbo za beti sita ambazo kitabu kimoja kinasomwa na watu watatu, na mmoja wao amesahau miwani? Sisemi tutupe Tenzi za Rohoni wala Mwimbieni Bwana. Vitabu hivyo vimelea imani ya wazazi wetu na kuna tenzi humo ambazo sitaki zife. Nasema kila ibada iwe na nyimbo mbili au tatu za kuitikia, ambazo beti zinabebwa na kiongozi au kwaya na kiitikio ni mali ya kusanyiko. Hata utenzi wenye beti nyingi unaweza kugawanywa hivyo: kwaya ubeti wa pili, wanaume wa tatu, wanawake wa nne, wote kiitikio. Watu wakijua kwamba zamu yao inakuja, hukaa macho.

Na zamu yao ikifika, waachie. Hapa nawasihi hasa wanaotumia maiki. Kiitikio kikianza, ondoa maiki mdomoni, iteremshe hadi kifuani, nawe uimbe kama mtu mmoja kati ya wengi. Sauti moja inayotoka kwenye spika mbili kubwa inatosha kuwanyamazisha watu mia mbili, kwa kuwa kila mmoja akiimba hajisikii, wala hamsikii jirani yake. Mtu huimba kwa ujasiri anapomsikia aliye pembeni yake akiimba. Nenda kasimame nyuma ya kanisa wakati wa mazoezi, mwombe mwenzako aimbe mbele, usikie mwenyewe jinsi mitambo inavyovuma. Kwa kanisa la ukubwa wa makanisa mengi ya hapa, ambalo mhubiri mwenye sauti ya kawaida husikika bila umeme, kuimba hakuhitaji spika kabisa.

Punguza pia maneno. Mwongoza nyimbo hajaitwa kuhubiri kati ya wimbo na wimbo. Kuwauliza watu mara tano kama wamebarikiwa, kuwaambia wapige makofi kwa nguvu zaidi, kuwakemea kwamba leo wamelala, yote hayo yanawachosha na kuwafanya wamtazame kiongozi badala ya kumwelekea Mungu. Taja wimbo na namba yake mara mbili, subiri kurasa zinyamaze, anza. John Wesley, aliyetoa maelekezo yake ya uimbaji mwaka 1761, aliwataka Wamethodisti waimbe wote na kwa nguvu, lakini mtu asipaze sauti mpaka akazizidi za wenzake. Maelekezo hayo yanamfaa kiongozi kabla ya kumfaa mwimbaji mwingine yeyote.

Kuhusu nyimbo mpya, tunazileta nyingi mno na tunazifundisha vibaya. Kijana anasikia wimbo kwenye simu siku ya Ijumaa, Jumapili anausimamisha, watu wanaduwaa, na baada ya wiki mbili umesahauliwa umekuja mwingine. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Walutheri, kilichochapishwa Nuremberg na kubeba mwaka wa 1524, kilikuwa na nyimbo nane. Nane tu, na nne kati ya hizo ni za Luther mwenyewe. Usharika unaojua nyimbo arobaini kwa moyo una utajiri kuliko unaozijua mia tatu kwa kusoma midomo ya kwaya. Wimbo mmoja mpya kwa mwezi unatosha, na miezi ya kilimo hata huo mmoja uache.

Namna ya kuufundisha ni hii. Jumapili ya kwanza kwaya iimbe wimbo huo wakati wa sadaka, bila kuutangaza. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Katikati ya wiki, walimu wa shule ya Jumapili wawafundishe watoto kiitikio. Watoto wataupeleka nyumbani wakichunga mbuzi na wakichota maji, na wazazi watausikia bila kuambiwa. Jumapili ya tatu, dakika kumi kabla ya ibada, watu wakiwa wanaingia, simama bila maiki. Imba mstari mmoja, nyosha mkono, waurudie. Usieleze. Mkono wako uonyeshe sauti inapopanda na inaposhuka, kwa kuwa wengi hawajui solfa lakini wote wanaona mkono ukipanda. Pale walipokosea, imba tena vile inavyopasa kisha endelea, na usiwaambie wamekosea. Unganisha mistari miwili, halafu minne. Ikifika ibada, wimbo huo uwe wa kuingilia au wa kumalizia, watu wakiwa wamesimama.

Na kabla hujauchagua wimbo mpya, usome maneno yake kwa sauti kama mtu anayeongea. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikuta tuni inakaza pengine, hasa kwenye tafsiri za nyimbo za Ulaya, watu watayumba kila wakifika hapo hata wasijue kwa nini. Wakati mwingine kuhamisha neno moja kunatosha. Wakati mwingine wimbo haufai, uache.

Solfa tuishike kwa mikono miwili. Mfumo huo ulianzishwa Norwich, Uingereza, na mwalimu aitwaye Sarah Glover, ukakuzwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 kwa nia ya kuwafundisha kuimba watu wasio na ala wala fedha, na wamisionari wakaueneza. Hadi leo ndio unaotembeza nyimbo za kwaya zetu. Faida yake kwetu sasa ni kubwa kuliko zamani, kwa sababu solfa ni herufi tupu: mwalimu wa kwaya anaziandika kwenye simu na kuzituma WhatsApp kwa wanakwaya walio Karatu au Babati, nao wanafika mazoezini wameshajua sauti zao. Kila kwaya iwe na watu angalau wanne wanaosoma solfa sawasawa, mmoja kwa kila sauti.

Kwa ndugu zangu Wakatoliki nina neno la pekee. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 ilipanga madaraja ya kuimba katika Misa, na daraja la kwanza, ambalo halipaswi kurukwa ili kuyakimbilia mengine, ni majibizano ya padre na watu: salamu, shangilio la Injili, mwaliko wa sala ya Ekaristi na Mtakatifu, Baba Yetu. Nyimbo za mwanzo, za matoleo na za komunyo zinafuata baadaye. Katika vigango vingi tumeupindua mpangilio huo. Kwaya imejiandaa kwa wimbo wa matoleo wenye sauti nne na beti tano, lakini Mtakatifu watu wanasoma kama tangazo. Anzeni na majibu mafupi. Chagueni Misa moja ambayo waamini wote wanaijua, iimbeni mwaka mzima bila kuibadilisha, na mtashangaa sauti itakayotoka kwenye mabenchi Jumapili ya Pasaka.

Suala la lugha na tuni za nyumbani linahitaji moyo mpana. Ibada zetu ni za Kiswahili, na ni vizuri, kwa kuwa chini ya paa moja anaweza kukaa Mwiraqw, Mdatooga, Mnyiramba na mwalimu aliyehamishiwa kutoka Mbeya. Lakini bibi zetu wanasali kwa Kiiraqw wakiwa peke yao, na si haki wasikutane na lugha hiyo kanisani hata mara moja kwa mwezi. Wapeni wimbo mmoja, na mwacheni mmoja wao auongoze. Angalizo langu ni moja: msichukue tuni ya Kijerumani au ya Kinorwe na kulazimishia maneno ya Kiiraqw juu yake. Katika lugha hii kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya sarufi yenyewe, na tuni ngeni huipeleka sauti juu pale lugha inapoitaka ishuke. Anzeni na maneno, mwombeni mzee ayatamke taratibu, tuni ifuate njia inayopita sauti yake. Waulizeni wazee pia tuni ya zamani mnayotaka kuichukua ilikuwa ya shughuli gani, kabla hamjaipa maneno ya Injili na kuwakwaza wanaoijua.

Kazi hiyo inawezekana, na mfano upo. Mwaka 1966 mwanafunzi wa teolojia pale Makumira, Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, aliandika wimbo wa Pasaka wa Mfurahini Haleluya kwa tuni ya nyumbani kwao Uhaya. Mmisionari Howard Olson, aliyefundisha Makumira na kukusanya nyimbo nyingi za Kiafrika, aliupa maneno ya Kiingereza. Wajerumani nao wana tafsiri yao, na katika kitabu chao cha nyimbo cha Evangelisches Gesangbuch ni namba 116. Wimbo uliotungwa na kijana wa Tanzania kwa tuni ya nyumbani unaimbwa Pasaka na watu wa nchi iliyotuletea Ulutheri. Nao ni wimbo wa kuitikia. Ukitazama wimbo wa Tukutendereza, wa Kiganda, utaona jambo lile lile: uamsho wa Afrika Mashariki uliueneza hadi kwa watu wasiojua Kiganda hata kidogo, kwa kuwa ni mfupi na unakaa moyoni.

Wakati wa sadaka ndipo wimbo wa namna hiyo unapohitajika kuliko wakati wowote. Siku ya mavuno hapa kwetu mtu hatoki kwenye benchi na bahasha peke yake. Huyu amebeba debe la mahindi kichwani, yule ana kuku chini ya kwapa, mwingine kifungu cha vitunguu swaumu au mfuko wa viazi, na baada ya ibada vyote vitapigwa mnada uwanjani. Msafara ni mrefu na mikono imejaa. Ukiwapa wimbo wa kitabuni wakati huo, umewanyamazisha makusudi. Andaa nyimbo tatu fupi zenye mapigo ya kutembea, zinazopokezana bila kusimama na kwa ufunguo mmoja, na kiongozi abadilishe maneno ya mwito kadiri foleni inavyosonga. Usikate ghafla mtu wa mwisho anapofika mbele. Mwache afike, aweke, arudi, ndipo umalizie.

Mvua nayo ni sehemu ya ibada zetu. Kuanzia Machi hadi Mei inaweza kushuka wakati wowote, na katika kanisa la mabati lisilo na dari huwa hakisikiki kitu isipokuwa mvua. Nimeona viongozi wakipigana nayo kwa kuongeza spika hadi zinapasuka. Kuna njia nyingine. Usisubiri mchungaji akuashirie. Acha beti zote, kamata kiitikio kinachojulikana na kila mtu, weka ngoma mapigo ya wastani, ingia katikati ya watu na uimbe nao mpaka mvua ipungue. Hiyo inaweza kuwa robo saa. Mahubiri yatasubiri, na mara nyingi robo saa hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka.

Nifike kwenye jambo lililo zito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Jumapili iliyofuata makanisa ya Hanang na Mbulu yalijaa watu waliozika, au waliokuwa bado wanatafuta ndugu zao. Mwongoza nyimbo aliyesimama siku hiyo na kuwaambia watu warukeruke kwa furaha hakuwatendea haki.

Tuna nyimbo nyingi za ushindi na chache za maombolezo, ilhali Zaburi zimejaa vilio. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu hadi lini. Ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote, na bado imo katika Biblia, na inaimbwa kwa Mungu. Usharika uwe na nyimbo sita au saba za msiba ambazo kila mtu anazijua bila kitabu, baadhi za Kiswahili na baadhi za lugha za nyumbani, na ziimbwe mara mojamoja hata wakati wa amani ili siku ya janga zisiwe ngeni. Kwaresima na Majilio ni nafasi nzuri ya kuzizoeza.

Msibani kwenyewe kuna kanuni zake. Anzisha chini kuliko kanisani, kwa sababu anayelia hana sauti ya juu. Usilete wimbo mpya hata kama ni mzuri kiasi gani. Spika ziacheni, mkesha wa nyumbani unahitaji sauti za watu waliokaa kuzunguka moto. Waulize wafiwa marehemu alipenda wimbo gani, na uimbeni huo hata kama kwaya haijaufanyia mazoezi. Mwendo uwe wa polepole lakini usisimame, maana ukimya unapoanguka ghafla kati ya nyimbo ndipo wafiwa wanapoelemewa. Mkielekea kaburini, mwenye kuanzisha atembee katikati ya msafara, wa mbele na wa nyuma wamsikie. Akiwa mbele kabisa, mkia wa msafara huimba wimbo mwingine. Na mama mfiwa akianza kulia katikati ya ubeti, endelea na kiitikio kwa sauti ya chini, usimkatize wala usijaribu kumfunika.

Nirudi kwa kwaya, nisije nikaonekana ninazipiga vita. Kwaya ndiyo chombo kikubwa ulichonacho cha kuwafanya wengine waimbe, ukiiweka mahali pake. Robo saa ya kila mazoezi iwe ya nyimbo za kusanyiko za Jumapili hiyo, ndipo mwendelee na wimbo wenu wa zamu. Mara moja kwa mwezi wanakwaya wavue sare, wakae wawili wawili kwenye mabenchi kanisa zima, kila mahali pawe na alto na besi ya kuegemea. Mtakapofanya hivyo kwa mara ya kwanza mtasikia tofauti kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Kama kuna kwaya nne, ziimbe mbili kila Jumapili kwa kupokezana. Mzee wa kanisa atakayeleta hoja hiyo kwenye baraza ajiandae kwa maneno, lakini ailete.

Na maandalizi yaanze mapema. Jumatatu muulize mchungaji au katekista masomo ya Jumapili na kichwa cha siku. Jumatano uwe umeshachagua nyimbo. Zisome maneno yake kando ya masomo uone kama zinakwenda pamoja. Andika kwenye karatasi moja: namba, ufunguo, nani anaanzisha, beti zipi, na nakala apate mpiga kinanda, mpiga ngoma na fundi mitambo. Umeme ukikatika au sola ikiisha, karatasi hiyo iwe na alama ya nyimbo zinazoweza kuimbwa bila kinanda. Ziwe nyingi.

Anayetaka kusoma zaidi ana njia. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River mkoani Arusha, kinafundisha muziki hadi shahada, na usharika ukichanga unaweza kumpeleka kijana mmoja. Wasioweza kufika huko waalikane: mwalimu wa kwaya wa usharika wa jirani aje Jumamosi moja afundishe solfa, nanyi mwende kwao mwezi unaofuata. Katekista na mwinjilisti wanaweza kukaa mazoezi hayo hayo; solfa haina dhehebu.

Wakati unangoja hayo, chagua kijana mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye sikio zuri na asiyependa makuu. Mpe wimbo wa sadaka wa Jumapili ijayo, umfundishe kutafuta sauti kwa kuanzia juu, halafu siku ikifika asimame peke yake. Wewe kaa benchi la nyuma karibu na mlango, usimwashirie kitu, uitikie.